Wimbo Uliotoka Nje

Bi Siwema alikuwa anachagua nazi sokoni Kisarawe, moja anaitikisa sikioni na kuirudisha, nyingine anaigonga kwa kucha, ndipo aliposikia wimbo wake unaimbwa na mwanamume.

Hakuamini masikio. Aligeuka taratibu, nazi mkononi. Pale kwenye kijiwe cha bodaboda Dotto alikuwa anafuta tenki la pikipiki yake kwa kitambaa, anaimba, na wenzake wawili wanamwitikia. Tena waliitikia panapostahili, kama watu waliofundishwa.

Maneno yenyewe siyaandiki hapa, msomaji anisamehe. Ni wimbo wa ndani. Anaimbiwa mwali akikaribia kuolewa, mlango umefungwa, na aliyemo humo ni mwanamke au hayumo. Bi Siwema aliupokea kwa mama yake, mama yake kwa shangazi yake, na katika umri wake wote wa ukungwi hakuna mwanamume aliyewahi kuusikia, labda awe alikuwa bado tumboni mwa mama yake.

Dotto akamwona. Kitambaa kikasimama juu ya tenki.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wimbo huo umeutoa wapi?"

"Upo tu, bibi."

"Upo wapi?"

"Kwenye simu." Dotto akatazama chini. "Kila mtu anao."

Mke wa Dotto alifundwa na Bi Siwema huyuhuyu. Yaani wimbo ulikuwa umeshaingia nyumbani kwa Dotto zamani, unalala naye chumba kimoja, na mke wake hakuutoa hata siku waliyogombana akarudi kwao. Leo umeletwa na simu. Bi Siwema akaiweka nazi chini, akaondoka. Muuzaji akamwita, "Bi Siwema, hununui?" Hakugeuka. Mchana ule alikula kisamvu bila nazi, na kisamvu bila nazi kwa Mzaramo ni adhabu.

* * *

Binti wa pekee wa Bi Siwema, Zuwena, anaishi Kongowe ya Kibaha na anafungasha sabuni katika kiwanda kimoja huko Zegereni. Kiwandani simu haziingii. Zinaachwa getini, kila moja kwenye kijisanduku chake, na jioni wafanyakazi wakitoka ni kama watoto waliorudishiwa wanasesere: kila mmoja ameinama, hakuna anayetazama anakokanyaga.

"Zuwena, njoo ucheke," Faudhia akamwita. Faudhia ni mwenzake wa meza moja, mtu mwema, hana ubaya na mtu.

Zuwena akasogea. Kwenye kioo kulikuwa na bibi mmoja amekaa mkekani, khanga imefungwa kiunoni, anagonga sinia kwa pete yake na kuimba, huku akionyesha kwa mabega na nyonga kile ambacho maneno yalikuwa yanakisema. Mtu alikuwa amebandika vile vikatuni vya nyuso zinazotoa machozi kwa kucheka, juu na chini, na kuweka sauti ya kicheko cha watu wengi, kile kicheko cha vichekesho vya redioni. Nyuma ya bibi kulikuwa na pazia la rangi ya chungwa lenye tundu la pasi.

Pazia lile aliliunguza Zuwena mwenyewe, akiwa msichana. Alichapwa kwa ajili yake.

"Bibi anajua huyu," Faudhia akasema. "Halafu anavyojiamini. Mwangalie, mwangalie hapa."

Na Zuwena akacheka. Nalisema kama lilivyokuwa. Walikuwa wamesimama wanne, wote wanamtazama waone naye atacheka vipi, na kicheko kikamtoka, kifupi na kikavu, akamcheka mama yake. Kisha akasema amesahau kitu ndani, akarudi hadi kwenye ukuta wa choo, akasimama pale mpaka wenzake walipokwisha kuondoka.

Alijua nani aliyeirekodi. Ni yeye. Ilikuwa baada ya Idd, chumbani kwa mama yake, mlango umefungwa. Bi Siwema alikuwa ameanza kusahau. Alitia chumvi mara mbili, akamwita Zuwena kwa jina la marehemu dada yake yeye mwenyewe, na siku moja, katikati ya kumfunda mwali wa watu, wimbo ukamkatika. Akajifanya amepaliwa, akaomba maji. Ndipo alipokubali kurekodiwa, na haikuwa rahisi.

"Weka humo," alimwambia Zuwena, akaionyesha simu kwa kidevu. "Zote, tangu ule wa kumwingiza ndani mpaka ule wa kumkabidhi kwa mumewe. Lakini zikae humohumo."

"Inafunguka kwa kidole changu tu, mama."

"Chako wewe tu?"

"Changu tu."

Bi Siwema akakishika kile kidole, akakigeuza, akakitazama kama anayekagua bamia sokoni. "Haya," akasema. "Kinasikia sasa? Nianze?"

* * *

Mume wa Zuwena, Mudathir, ni karani wa masjala kwenye ofisi moja ya serikali pale Kibaha. Kazi yake ni kujua jalada gani liko wapi, na kwa sababu hiyo nyumbani kwake anajiona yeye ndiye mwenye kujua kila kitu kilipo. Simu ile aliinunua yeye, zawadi. Aliposikia habari, swali lake la kwanza lilikuwa la kiume.

"Umemtumia nani?"

"Sijamtumia mtu."

"Zuwena, kitu hakitoki chenyewe."

"Wallahi sijamtumia mtu. Chukua uangalie."

Akachukua. Akafungua mahali pa picha, akapandisha juu, akashusha chini. Uso ukaanza kumkunjamana.

"Mbuzi huyu wa nani?"

"Huyo huja mwenyewe."

"Anakujaje mwenyewe?"

"Tangu tununue simu picha zinakuja tu. Mbuzi, watu wako harusini, lori limeanguka. Kuna katoto kanaogeshwa kwenye beseni, kazuri. Nilidhani ni za magrupu. Si magrupu huleta picha?"

Mudathir akakaa kitini. Kwa miezi yote hiyo mke wake alikuwa anatazama maisha ya watu asiowajua, anamcheka mbuzi wao, anampenda mtoto wao, na haikumpitikia kwamba nao huko waliko wanatazama ya kwake. Nasi tusimcheke. Ni wangapi kati yetu tunajua picha zetu zinalala wapi?

Wakaenda kwa Didas. Didas ana kibanda cha simu pale stendi ya Kongowe, anauza, anatengeneza, anaweka na nyimbo. Ni kijana mchangamfu, mteja akifika anapewa stuli. Wakamkuta ana wateja, wakasubiri. Ikabidi Mudathir aeleze mbele ya watu, kwa sauti ya chini, akizungukazunguka maneno, mpaka Didas mwenyewe akaelewa.

"Ah, kaka. Hiyo ni akaunti ya dukani."

"Ya dukani ndiyo ipi?"

"Simu mpya inataka emaili ndipo ifunguke vizuri. Sasa watu wanakuja hawana, au wameisahau. Nikianza kumfungulia kila mmoja ya kwake, foleni si itafika barabarani? Namwekea ya dukani, anaenda zake, anafurahi."

"Wangapi umewawekea hiyo?"

"Wengi. Sijawahi kuhesabu."

"Kwa hiyo picha za mke wangu..."

"Zinapanda kule kwenye akaunti. Za wenzake zinashuka kwake. Ila watu huwa hawaangaliagi, kaka. Kila mtu anaangalia zake."

"Na kidole changu?" Zuwena akauliza. "Mimi nimeweka kidole."

Didas akamtazama kwa huruma. "Kidole kinafunga mlango wa mbele, dada. Huku nyuma nyumba ilikuwa wazi."

Mteja mmoja kwenye stuli akaacha kula karanga. Zuwena akavuta mtandio karibu na uso. Mudathir akasema anakwenda polisi, atamfunga mtu.

"Utamfunga nani?" Zuwena akamuuliza. "Mwenye mbuzi?"

"Aliyeisambaza."

"Polisi watasema waione kwanza. Wataiona pale kaunta, wote. Wewe unataka wamwone mama?"

 Didas akawa anachezea waya wa chaja. Mwishowe akasema, "Kwani yule bibi ni mama yenu?" Zuwena akageukia barabarani. "Ilinifikia na mimi," akasema. "Nikacheka tu. Sikujua kama ana mtu."

Akawapa neno la siri la ile akaunti, kwa karatasi. Akaahidi kumfungulia Zuwena emaili yake mwenyewe, bure.

* * *

Mudathir alimpenda mama mkwe wake. Hili lazima nilitangulize, kwa sababu alichokifanya kesho yake kingeweza kudhaniwa cha mtu asiyemjali. Bi Siwema ndiye aliyemwuguza alipolala na homa ya matumbo, akampikia uji kwa mkono wake, hakumwambia mtu kwamba mkwe alijiharia. Sasa alimwona yule mama ametandazwa kwenye simu za watu na hakulala.

Zuwena alikuwa uani anaanika nguo. Mudathir alikaa sebuleni na simu ya mke wake na ile karatasi ya Didas. Alifanya kazi ile kama afanyavyo masjala, kwa utaratibu, bila haraka. Alipomaliza akatoka nje, uso umetulia kwa mara ya kwanza tangu juzi.

"Nimesafisha," akasema.

"Umesafisha nini?"

"Kule kwenye akaunti. Hakuna tena cha mama. Nimefuta, nikaingia na kwenye pipa la taka nikamwaga, maana nasikia vitu hukaa humo. Hakuna mtu atakayemwona tena kwa kupitia kule."

Zuwena alikuwa ameshika shuka lililolowa. "Umefuta kule. Humu kwenye simu si zipo?"

"Ni kitu kimoja, Zuwena. Ukifuta kule na huku zinaondoka. Ndiyo uzuri wake."

"Zote?"

"Zote. Na za mbuzi."

"Na nyimbo?"

Mudathir akafungua mdomo. Unaweza kumwona mtu akili inapomfika; inaanzia machoni, kisha mikono inakosa mahali pa kukaa. Zuwena hakupiga kelele. Aliliweka shuka kwenye beseni, akaenda kuchukua simu mwenyewe, akafungua. Palikuwa peupe. Kulikuwa na maneno kwamba picha na video zako zitaonekana hapa.

"Nilitaka kumstiri," Mudathir akasema mlangoni.

"Najua."

"Zuwena..."

"Nimesema najua."

Mudathir alikwenda mbio kwa Didas, akarudi anatembea. Didas alimwambia angeuliza kwanza. Zikiwa pipani zinarudi, ukishamwaga pipa, basi. Akamwambia na lingine: asubuhi ile amekwisha kuja mwanamke analia, picha za mtoto wake hazionekani, na mtoto mwenyewe walimzika mwezi uliopita.  Mudathir hakulirudia hilo kwa mkewe. Alibaki nalo peke yake, na linamkaa hata leo.

* * *

Siku ya mapumziko Zuwena akaenda Kisarawe. Alimkuta mama yake barazani na mgeni, Mwamvita, mwanamke wa mtaa wa pili ambaye binti yake anaolewa mwezi ujao. Bi Siwema ndiye aliyeshikwa amfunde. Kati yao palikuwa na mfuko wa sukari, haujaguswa.

"Shikamoo mama. Shikamoo Bi Mwamvita."

"Marahaba," wakaitikia wote wawili. Mwamvita hakumtazama.

"Basi ndiyo hivyo, somo," Mwamvita akaendelea na alichokuwa anasema. "Tumeonelea upumzike. Umri nao. Tumepata mtu kutoka Masaki, hii yetu ya huku Kisarawe, atatusaidia kwa safari hii."

"Ni umri," Bi Siwema akasema.

"Siyo kwa ubaya. Upande wa bwana harusi ndio wenye maneno. Unajua watu."

"Nawajua. Wengi nimewafunda mimi."

Mwamvita akacheka kidogo, akaona haikuwa mzaha, akaacha. Alifundwa na Bi Siwema naye. Alipoinuka kwenda zake, Bi Siwema akasema kwa upole, "Aibu ya maiti aijuaye mwosha, mwanangu. Mimi ya kwenu sijaitoa." Mwamvita akaondoka akitazama ardhi.

Zuwena akapiga magoti mkekani. Akamweleza yote ya dukani, ya akaunti moja, ya watu wengi. Ya kufutwa hakuyasema. Alijiambia atayasema mwishoni.

Bi Siwema alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nchi nyingine. "Yaani duka moja," akasema, "wateja wote funguo ni moja."

"Ndiyo, mama."

"Na mwenye duka ni mtu mzima?"

"Mtu mzima."

"Na wewe ukaniambia kidole chako."

Zuwena akalia. Bi Siwema akamwacha alie, hakumbembeleza, hakumgombeza. Baadaye akamfuta uso kwa ncha ya khanga yake, kwa nguvu kidogo, kama anavyofutwa mtoto kamasi.

"Mimi nimeshaaibika, limepita hilo," akasema. "Kuna jambo lingine. Tangu siku ile ya Dotto, ule aliokuwa anauimba, ule wa kumkabidhi, umenitoka. Nauanza, nafika katikati, sioni njia. Usiku nauita hauji. Na nyingine zinaanza kuufuata. Hebu niwekee kwenye simu niusikie. Nikiusikia mara moja utarudi."

Zuwena akashika mkoba wake. "Simu haina chaji, mama."

"Si utie? Umeme upo."

"Chaja nimeisahau. Ngoja nikaazime."

* * *

Mpaka kijiweni si mbali. Zuwena alitembea kama mtu anayepeleka mwili wake mwenyewe hospitali. Dotto alipomwona akaanza kushuka kwenye pikipiki, akijua anakuja kutukanwa.

"Dada Zuwena, mimi naomba radhi. Mke wangu alinisema mpaka..."

"Unayo ile video?"

"Nimefuta. Haki ya Mungu nimefuta."

"Naitaka."

Dotto akamtazama asielewe. "Ya bibi?"

"Naitaka, kaka Dotto. Nitafutie."

Akatamani aulize kwa nini, akamwona macho, akaacha. Akawageukia wenzake. Hakukuwa na namna nyingine ya kuuliza ila kuuliza. "Nani ana ile ya bibi?"

"Ipi?"

"Ile. Ya mkekani."

Mikono mitatu ikainuka. Mmoja akasema anayo ile yenye kicheko. Ndefu hakuna, hiyo tu ndiyo iliyozunguka. Zuwena akasimama hapo juani, katikati ya wanaume, akishika simu yake mbele kama bakuli, mpaka video ikaingia. Akasema ahsante. Ndiyo, alisema ahsante.

Aliporudi nyumbani kwa mama yake alifunga mlango kwa komeo. Bi Siwema alikuwa amekwisha kutandika mkeka, amefunga khanga kiunoni, na sinia liko mapajani. Pazia la chungwa lilikuwa limeshushwa. Zuwena akakaa karibu yake, bega kwa bega, akaishika simu kwa mikono miwili. Kidole gumba kimoja akakilaza juu ya zile nyuso za juu, kingine juu ya zile za chini, kwenye kioo pakabaki mama yake tu.

Akabonyeza. Sauti ikatoka, na kicheko kikatoka pamoja nayo.

"Wanaocheka ni kina nani?"

"Hawapo, mama. Wamewekwa tu."

"Waambie wanyamaze."

"Hawanyamazi. Usiwasikilize. Sikiliza wewe."

Bi Siwema akainamisha sikio. Midomo ikaanza kwenda, kwanza bila sauti. Kisha pete ikagonga sinia, mara moja, mara ya pili ikapata mwendo, na yule mama wa mkekani na yule wa kwenye simu wakawa wanaimba pamoja, juu ya kicheko cha watu wasiokuwapo. Uso ukamfunguka. Mabega yakaanza kukumbuka. Zuwena alikuwa hajamwona mama yake hivyo tangu Idd, na kwa kitambo kile kifupi alifurahi, alifurahi kabisa.

Video ikakatika katikati ya ubeti.

Bi Siwema alibaki ameinua mkono, pete juu ya sinia, mdomo uko wazi tayari kwa neno linalofuata. Akasubiri. Akamgeukia mwanawe.

"Halafu?"

Zuwena akatazama simu.

"Endelea, mwanangu. Hapo ndipo panaponipotea. Halafu?"

Zuwena akabonyeza tena, ikaanza upya kutoka mwanzo, na Bi Siwema, mtiifu, akaanza nayo.